Saa Kumi Mashine Inazimwa

Jumatatu, 2 Juni

Daftari hili ni amri ya Fundi Spana. Amekuja leo kuikagua mashine ya kusaga kabla msimu haujapamba moto, akaizunguka mara mbili, akaiwekea kiganja ubavuni, kisha akaniambia mashine zangu zinakufa kwa sababu sina kumbukumbu. Kila jioni niandike imeliaje, imetetemekaje na nimeigusa wapi, ili siku ikibadilika sauti tujue ilianza lini. Nimemwambia mimi ni msagaji, si karani. Akasema karani asingeua beringi tatu kwa mwaka mmoja. Haya basi, naandika. Leo imelia vizuri, grisi imewekwa pande zote mbili.

Jumanne, 3 Juni

Imelia vizuri.

Alhamisi, 5 Juni

Mkanda ulilegea saa tano, nimeukaza. Binti anasema sikio linamuuma. Nimebadilisha wavu wa kuchekechea unga, ule wa zamani ulikuwa umetoboka pembeni.

Jumamosi, 7 Juni

Foleni imefika barabarani. Mavuno ya mwaka huu ni mazuri na watu wana haraka ya kula. Mke wangu amesimama kwenye mizani tangu asubuhi, mimi kwenye mashine, na binti yetu amekuwa akifunga magunia. Tumemaliza tukiwa weupe kuanzia kope hadi kucha.

Mgeni mmoja alitusikia tukiulizana chumvi ilipo, akadhani nyumba inawaka moto. Ndivyo tulivyo. Tunaishi nyuma ya mashine, ukuta ni mmoja, na miaka kumi na minane ya kupigana na kelele imetufanya wote tuseme kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Pale sauti isipofika, tuna mikono. Ngumi ni zima mashine. Kiganja ni subiri. Vidole viwili ni rudisha nafaka, isagwe mara ya pili. Ukisugua kidole gumba juu ya ncha za vidole vingine, umesema unga umetoka laini, kazi imekubali. Binti alizijua ishara hizo kabla hajajua kutamka jina lake. Ana miaka kumi na mitano sasa, na kwenye mikono hakuna anayemshinda.

Jumatano, 11 Juni

Imelia vizuri. Mvua kidogo asubuhi.

Ijumaa, 13 Juni

Leo mashine ni nzima, mwenye mashine ndiye mgonjwa wa hasira.

Binti ameleta barua kutoka kwa mwalimu wake wa darasa. Haitikii akiitwa. Hajibu maswali. Anakaa nyuma kabisa, na mara mbili amekutwa akinakili daftari la mwenzake. Imla, pale mwalimu anaposoma na wao wanaandika, amepata nne kwa ishirini. Wenzake wamempachika jina la Malkia, kwa kuwa akisemeshwa hageuki. Mwisho kabisa barua inasema asipofaulu mtihani wa kufunga muhula atarudishwa darasa moja nyuma.

Mtoto huyu alikuwa wa tatu darasani mwaka jana. Nilimsimamisha mbele yangu nikamwambia yote yaliyokuwa kifuani. Hakujitetea. Alinitazama mdomo muda wote bila kupepesa, nami nikaona huo ndio ujeuri wenyewe anaousema mwalimu. Mke wangu alitaka twende shuleni Jumatatu. Nikamuuliza nani atasaga. Nimekata shauri mwenyewe: kuanzia Jumatatu akitoka shule anasimama kwenye mdomo wa mashine kumimina nafaka hadi saa kumi na mbili. Na ile safari ya shule ya kwenda kuona bwawa la umeme, aliyoiomba tangu muhula uliopita, ameikosa. Hapo tu ndipo machozi yalipomtoka.

Jumatatu, 16 Juni

Imelia vizuri. Binti amemimina magunia tisa bila kosa. Nimeonyesha vidole viwili, karudisha. Nimeonyesha kiganja, kasubiri. Ujeuri uko wapi hapo? Kumbe dawa yake ni kazi. Nimemwambia mama yake, naye akageukia mizani yake.

Alhamisi, 19 Juni

Mwalimu amekuja mwenyewe. Nilitarajia mama mtu mzima mwenye miwani, kumbe ni msichana ambaye angeweza kuwa mdogo wa mwisho wa mke wangu. Alisimama katikati ya kelele akisogeza midomo, mimi nikiitikia kwa kichwa. Nilichodaka ni kwamba ana wasiwasi na anaomba tukae tuzungumze. Nilimpigia ukelele sikioni kwamba yeye afundishe, nyumbani nipo mimi. Ameondoka na unga hadi kwenye nyusi. Nilicheka peke yangu, siyo siri.

Jumamosi, 21 Juni

Kuna kamlio kapya upande wa mota. Nimeongeza grisi.

Jumatatu, 23 Juni

Kamlio bado kapo. Nimemwita Fundi Spana, amesoma daftari, akanisifu kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Anasema beringi inaaga.

Jumatano, 25 Juni

Imeaga. Saa nne asubuhi moshi ulitoka, nikapiga ngumi hewani na mke wangu akakata umeme. Beringi mpya inatoka mjini, itachukua siku tano. Wateja wamebeba magunia yao kwa mashine ya ng'ambo ya barabara, nami nimewaangalia wakienda.

Alhamisi, 26 Juni

Leo mashine haijalia kabisa, kwa hiyo sina la kuandika juu yake. Nitaandika yaliyotokea.

Nyumba imekuwa kimya tangu jana, na ukimya umetufanyia mambo. Asubuhi mke wangu aliniuliza kama nitakunywa chai, akauliza kwa sauti ndogo, mpaka nikageuka kuona ni nani. Kufikia mchana sote wawili tulikuwa tumeshusha sauti bila kupanga. Binti alipotoka shule, mama yake alimwambia chakula kipo. Hakuitika. Akamwambia tena. Hakuitika, akaenda zake kuchukua ufagio. Mke wangu alinitazama kwa jicho la “unamwona mwanao.”

Nilitoka niende kumkanya. Alikuwa anafagia unga chini ya mashine, amenipa mgongo, hatua tatu kutoka niliposimama. Sijui ni nini kilichonizuia kupiga ukelele niliouzoea. Labda ni kwa sababu ya ule ukimya, ungesikika mtaa mzima. Nikasema kwa sauti ya kawaida tu:

“Safari ya shule nimekuruhusu. Utakwenda.”

Alifagia. Nikarudia, nikaongeza kwamba amesamehewa na kazi ya mashine pia. Alifagia mpaka pembeni, akakusanya, akazoa. Hakuna mtoto wa miaka kumi na mitano duniani anayeweza kusikia maneno yale na asigeuke, hata awe jeuri wa majeuri. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameweka mkono mdomoni. Kisha nikamwita kwa sauti yetu ile ya mashine, naye akashtuka, akageuka na kuniangalia mdomo.

“Baba, umeniita?”

Nilikaa juu ya gunia tupu.

Tumemkalisha katikati yetu, tukamuuliza tukiwa tumemtazama usoni. Ametueleza taratibu. Sikio la kushoto lilianza muhula uliopita, baada ya mafua yale makubwa. Linauma, linatoa maji, linanyamaza, linaanza tena. La kulia ni kama limezibwa kwa pamba. Nyumbani anatusikia kwa sababu tunapayuka, na tusipopayuka anasoma mdomo, na mdomo ukifichwa na unga anasoma mikono. Shuleni mwalimu akigeukia ubao, kila kitu kinakatika. Ndiyo maana ananakili kwa mwenzake. Alikaa nyuma ili asiulizwe. Nikamuuliza mbona hakusema.

“Nilidhani akili ndiyo imeisha,” alisema. “Niliona aibu.”

Mke wangu amemkumbatia na kulia, akisema alidhani ni ujana tu, wasichana wa umri huo hununa. Mimi nilidhani mabaya kuliko hayo. Nilidhani ana kiburi, na kama adhabu nikamsimamisha kwa saa mbili kila siku kwenye mdomo wa mashine, pale penye kelele kuliko pote.

Kisha nimefungua daftari hili ili niandike, nikalipitia kuanzia mwanzo, nikafika tarehe tano. Ni mwandiko wangu. Binti anasema sikio linamuuma. Baada ya hapo nimebadilisha wavu. Alisema, nilisikia, nikaandika kabisa, kisha nikaenda kuziba tundu la wavu. Nimelia. Naliandika hilo kwa sababu Fundi Spana alisema humu uandikwe ukweli.

Ijumaa, 27 Juni

Tumekwenda wote watatu kwa daktari wa masikio katika hospitali kubwa. Nimefunga mlango na kuacha kibao cha “Hatupo.” Sikumbuki mara ya mwisho kuandika kibao hicho.

Daktari ni mzee mpole mwenye taa kwenye paji la uso. Ameyachungulia masikio yote mawili, kisha akachungulia tena. Alituuliza ameumwa tangu lini. Mke wangu alisema kama mwezi. Binti alisema tangu muhula uliopita. Daktari akamuuliza alimwambia nani. Binti akanitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake.

“Walikuwa na kazi,” alisema.

Hakusema kwa kulaumu. Afadhali angenilaumu. Daktari hakunitazama, na kwa hilo namshukuru.

Hali ni hii. Sikio la kulia lina majimaji nyuma ya kiwambo, ile ngozi nyembamba ya ndani ya sikio. La kushoto lilijaa usaha hadi kiwambo kikatoboka tundu dogo. Walimwingiza kwenye kibanda cha kupimia, akavaa vifaa vya kusikilizia na kubonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Niliona kupitia kioo jinsi alivyokaa na kidole tayari, akisubiri, akisubiri, na yule mpimaji akiendelea kupandisha mlio. Kila mlio ambao hakuubonyeza ulinichoma.

Amesafishwa masikio. Amepewa vidonge, na matone ya kuweka mara tatu kwa siku. Maji yasiingie, vumbi asisogelee, kelele marufuku. Turudi baada ya wiki sita. Nilimuuliza daktari kama atasikia tena vizuri. Alisema masikio ya umri huu hupona mara nyingi, lakini haya yamecheleweshwa, na hawezi kuniahidi. Anaweza kuniahidi kitu kimoja tu, kwamba matone yakirukwa hayatapona. Nikamwambia hayatarukwa.

Jumatatu, 30 Juni

Nimekwenda shuleni. Nilivaa shati la harusi na bado unga ulinifuata.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba radhi, lakini mwalimu aliponiona mlangoni mwa ofisi ya walimu alisimama haraka, nadhani alitegemea ukelele mwingine. Nikamwambia binti yangu hasikii, na kwamba mimi nilikuwa sisikii zaidi yake. Alikaa. Akasema ndilo alilokuja kutuambia siku ile, kwamba amemwangalia na anahisi kuna jambo, si ujeuri. Barua aliiandika kabla, na alikuwa anajuta. Niliyemcheka alikuwa ameona kabla yangu, ndani ya darasa la watoto hamsini.

Tumepanga hivi. Binti atakaa mstari wa mbele, upande ambao sikio la kulia litamwelekea mwalimu. Mwalimu hatasema akiwa ameupa mgongo darasa. Maagizo yataandikwa ubaoni. Imla atasomewa polepole, akiuona mdomo. Na kwa kuwa niliropoka habari za ishara zetu, amenipeleka darasani nikazionyeshe. Mimi, niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na mitatu, nimesimama mbele ya ubao nikifundisha ngumi, kiganja na vidole viwili. Watoto walicheka hadi meza zikatetemeka. Binti alijifunika uso, lakini kati ya vidole niliona meno.

Jumanne, 1 Julai

Beringi imefika, Fundi Spana ameifunga. Imelia vizuri. Matone asubuhi, mchana, jioni. Mchana mwalimu ndiye anayemwekea.

Jumatano, 2 Julai

Imelia vizuri. Matone matatu-matatu. Vidonge.

Ijumaa, 4 Julai

Tumempeleka Binti kulala chumba cha mbele, mbali na ukuta wa mashine. Chumba kile kilikuwa chetu. Mimi na mke wangu sasa tunalala na mkanda unaotuimbia tangu alfajiri. Matone.

Jumatatu, 7 Julai

Leo kuna neno. Saa kumi Binti alirudi, akasimama mlangoni kwa mbali kama alivyoagizwa, akawa anasema kitu. Niliona midomo tu. Nilikuwa na gunia mkononi na foleni ya watu saba, nikampa kiganja, subiri. Akaondoka kwenda ndani. Niliporudi kwake saa kumi na mbili nikimuuliza alitaka kusema nini, alisema ameshasahau.

Mtu hasahau, anaacha tu. Nadhani ndivyo ilivyokuwa muhula wote uliopita.

Jumanne, 8 Julai

Saa kumi kamili nimeizima mashine. Foleni iliguna. Mama mwokaji, mteja wangu mkubwa na mdomo wake mkubwa vilevile, aliuliza kama umeme umekatika. Nikamwambia umeme upo, mwanangu amerudi shule. Akaniuliza hiyo ni sikukuu gani. Nilikaa na Binti kwenye ngazi robo saa nzima. Alinieleza habari za hesabu na za msichana aliyefungia chura kwenye kibweta. Kisha nikawasha tena. Kuanzia leo itakuwa hivyo kila siku. Asiyetaka, ng'ambo ya barabara kuna mashine.

Ijumaa, 11 Julai

Homa. Sikio la kushoto limetoa usaha tena. Mke wangu amempeleka hospitali, wamesafisha na kubadilisha vidonge. Siku nne asiende shule. Daktari amesema hutokea, lakini hakutabasamu. Mtihani ni baada ya wiki mbili.

Nimefunga mashine saa tisa. Sikuweza kuisikiliza.

Jumapili, 13 Julai

Homa imeshuka. Mwalimu ametuma daftari la masomo ya juzi, mwandiko wake mwenyewe, kurasa sita. Jioni nilimsomea Binti imla nikiwa nimekaa mkabala naye, pole pole, mdomo wazi kama samaki. Nilipochukua karatasi kusahihisha, tulibishana maneno manne. Tulifungua kamusi. Yote manne yeye ndiye alikuwa sahihi. Mama yake amecheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 16 Julai

Karudi shule. Imelia vizuri. Matone. Saa kumi nimezima. Mama mwokaji amekuja na kigoda chake ili akae wakati wa “sikukuu.”

Jumamosi, 19 Julai

Safari ya bwawa la umeme ilikuwa leo. Nilimwekea pamba masikioni, nikamfunga kitambaa juu yake, nikamwambia asikaribie mitambo. Alisema, “Baba, mimi nimezaliwa kwenye mtambo.” Amerudi akisema anataka kuwa mhandisi. Mwalimu alimshika mkono sehemu zote zenye kelele na kumwandikia maelezo kwenye kijitabu.

Jumanne, 22 Julai

Leo mama mwokaji ndiye aliyeniambia ni saa kumi kasoro dakika mbili.

Jumatatu, 28 Julai

Mtihani umeanza. Mke wangu hali chakula, mimi sisagi vizuri, Binti peke yake ndiye ametulia. Matone kabla ya kutoka.

Jumatano, 30 Julai

Imla leo. Saa kumi nimezima mashine kabla hajafika, nikamsubiri kwenye ngazi. Alisema mwalimu alisoma, na kuna sentensi moja mwalimu alikohoa akaweka mkono mdomoni, kwa hiyo Binti hakuiona. Nikamwambia pole, mama, sentensi moja si kitu. Akasema hapana, hukunielewa, baba. Hakuiona lakini aliiandika. Nikamuuliza ameiandikaje kama hakuiona mdomoni. Tukatazamana. Nikainuka kwenda kuleta matone.

Ijumaa, 8 Agosti

Wiki sita zimetimia. Nilikuwa nimevaa lile shati la harusi tangu saa kumi na moja alfajiri.

Daktari alichungulia kulia, akasema safi. Alichungulia kushoto kwa muda mrefu mpaka mke wangu akanikamata mkono. Tundu limejifunga. Akamwita mpimaji, Binti akaingia kibandani, akavaa vifaa. Nilisimama palepale kwenye kioo. Kidole kilibonyeza. Kikabonyeza tena. Mpimaji akashusha mlio, kikabonyeza, akashusha zaidi, kikabonyeza.

Sikio la kulia ni zima. La kushoto limebaki nyuma kidogo kwenye milio myembamba, na daktari anasema huenda likaongeza, na hata lisipoongeza hakuna darasa litakalomshinda. Mke wangu alimshukuru Mungu kwa sauti ya mashine, mpaka wagonjwa wa nje wakafungua mlango. Mimi nilikaa tu. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia alilobeba wiki sita na kusahau kuwa amelibeba.

Kumbe kazi haijaisha. Binti alimwambia daktari, “Mpime na baba.” Nikasema mimi sina shida. Daktari akaweka mkono mdomoni, akasema kitu, akaniuliza amesema nini. Nikaingia kibandani. Nilikaa humo na kidole tayari nikisubiri milio, nikaona hawa watu hawajawasha. Nilipoinua macho, Binti alikuwa kwenye kioo, ananiangalia kidole, na uso wake ulikuwa uleule niliokuwa nao mimi.

Masikio yangu hayatarudi, ila yaliyobaki yanaweza kulindwa. Nimepewa vifuniko vikubwa vya masikio vya kuvaa kazini, na mke wangu vyake. Daktari amesema katika familia hii aliyeletwa siye aliyekuwa mgonjwa zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi Binti ametoka chumbani akiwa na uso wa wasiwasi, akatuuliza kama tunagombana. Tulikuwa tunaulizana chumvi ilipo. Amesema, “Kumbe ndivyo tunavyoongea siku zote?” Tumejaribu kushusha sauti. Ikawa mke wangu ananong'ona, mimi nauliza “nini?”, naye anapayuka tena. Tumeshindwa, tumecheka, chai ikapoa.

Jumatatu, 11 Agosti

Imelia vizuri, nadhani. Kwa vile vifuniko nasikia kidogo tu, naisikiliza kwa kiganja. Fundi Spana anasema yeye ndivyo afanyavyo siku zote, na kwamba kama ningemuuliza angeniambia miaka kumi iliyopita.

Ijumaa, 15 Agosti

Shule zimefungwa leo, na matokeo yametoka leo.

Sikujua atarudi saa ngapi, kwa hiyo nilisaga kwa jicho moja mlangoni. Foleni ilikuwa ya watu kumi na mmoja, ya mwisho ya msimu. Saa nane na nusu alitokea, anakimbia, mwalimu wake nyuma yake anakimbia pia, na viatu vyake mkononi. Binti alisimama palepale mlangoni alipoagizwa asipavuke, akaanza kusema. Niliona midomo. Nilikuwa na gunia la mtu begani.

Nilitua gunia, nikapiga ngumi hewani. Mke wangu akakata umeme. Mkanda ukazunguka, ukapunguza, ukasimama. Watu kumi na mmoja walinyamaza, na mama mwokaji akamkanya aliyekohoa. Nilivua vifuniko.

Binti alisema tena, kwa ile sauti yake mpya, ndogo, ya mtu anayejisikia mwenyewe. Kila mtu alisikia. Mke wangu alipiga kelele, mama mwokaji akarusha kanga. Mimi peke yangu nilibaki nimekodoa macho, kwa sababu sauti ile haikunifikia.

Aliliona hilo. Akaingia ndani, akaja hadi mbele yangu, akanisimamia usoni mahali ninapouona mdomo wake vizuri. Hakusema. Aliinua mkono, akasugua kidole gumba juu ya ncha za vidole vingine. Umetoka laini. Kazi imekubali.

Nilielewa. Nilielewa vizuri kabisa, hata kipofu angeelewa. Lakini nikampa vidole viwili, rudia, kisha nikamsogezea sikio langu lililo afadhali.

“Nimefaulu, baba,” alisema. “Imla kumi na tisa. Nimekuwa wa tano.”

Nimeyasikia yote.

Mashine ilizimwa saa nane na nusu, haikuwashwa tena leo. Grisi bado ipo. Wavu ni mzima. Wateja watarudi kesho.